Maswali ninayoulizwa kila mara kuhusu kamera ya mlima, ndoo ya mvua na vitu vingine ninavyochokonoa

Maswali haya nimeyaokota WhatsApp, kwenye foleni ya benki, na nje ya kanisa baada ya misa ya kwanza wakati mwenzenu nawaza supu. Nimeona niyajibu hapa mara moja. Ukiniuliza tena lililokwisha kujibiwa nitakutumia kiungo cha ukurasa huu, usininunie.

Wewe ni programa wa kazi?

Hapana. Ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Moshi mjini. Mchana nahesabu saruji, nondo na misumari; usiku mtoto akishalala ndipo nafungua kompyuta. Kozi pekee ya kompyuta niliyosoma ni ile ya wiki sita ya kuandika barua na kupanga jedwali. Cheti bado ninacho, kimeanza kuliwa na mende.

Sasa haya mambo yalianzaje?

Yalianza na dada yangu. Aliolewa Mwanza, na kila asubuhi, kabla hata ya salamu, ananiandikia: "Mlima umefunguka?"

Kwa msiokaa huku: kilele cha Kibo kina mita 5,895, hakuna kingine Afrika kinachokifikia, lakini unaweza kukaa Moshi wiki nzima usikione. Mawingu yakikaa tunasema mlima umefunga. Ukijitokeza tunasema umefunguka, na hapo hata mtu aliyezaliwa Majengo akazeekea Majengo atasimama barabarani auangalie kana kwamba umeletwa jana.

Kwa miaka nilikuwa natoka uani na mswaki mdomoni, naangalia kaskazini, namjibu. Ikaja wiki nikawa Dodoma kikazi, dada akauliza, sina jibu. Niliporudi nikanunua Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, iliyokwisha kutumika, pamoja na kamera yake, nikatengeneza na tovuti hii ya kumjibu. Ndoo ya mvua aliitaka mama. Daftari la michango liliombwa na kamati ya harusi. Ukichunguza, hakuna hata kimoja humu nilichokitunga mwenyewe; vyote ni maswali ya watu wa nyumbani niliyochoka kuyajibu kwa mdomo.

Kamera inajuaje kwamba mlima umefunguka?

Watu hudhani kuna akili mnemba. Hakuna. Kuna mstari mmoja niliouchora kwa mkono.

Kutoka kwetu, mtaa wa Soweto hapa Moshi, hadi Kibo ni kama kilomita 30 ukipima kwenye ramani, na kilele kimetupita kwa kimo cha kama kilomita 5. Ukipiga hesabu ya pembe, kilele kinakaa nyuzi tisa hivi juu ya usawa wa macho. Ni chini kuliko watu wanavyokumbuka. Mwambie mtoto yeyote wa Moshi auchore mlima, atajaza karatasi nzima.

Kamera imefungwa kwenye bomba juu ya paa na haitikisiki, kwa hiyo mlima, kama upo, unatokea mahali palepale katika kila picha. Siku moja ya Januari ulipofunguka vizuri nilipiga picha, nikaifungua kwenye kompyuta, nikaufuata mgongo wa mlima kwa kipanya kuanzia kushoto hadi kulia, nukta 200. Mahali pa kila nukta pamehifadhiwa kwenye faili.

Kila inapopigwa picha mpya, programu inapita nukta moja baada ya nyingine, inapima mwanga wa pikseli chache zilizo juu yake na chache zilizo chini yake. Mlima ukiwepo, juu ni anga na chini ni mwamba au barafu, tofauti inaonekana. Mawingu yakiwepo, juu na chini ni uji uleule. Nukta zaidi ya 120 zikionyesha tofauti, tovuti inaandika "Umefunguka". Zikiwa kati ya 40 na 120 inaandika "Unachungulia". Chini ya hapo, "Umefunga". Ni mistari kama 60 ya Python, lugha ya kuandikia programu, na nusu yake ni maelezo niliyojiandikia nisije nikasahau.

Picha zinapigwa saa 12:30 asubuhi, saa 2 asubuhi na saa 12 jioni. Katikati ya siku sihangaiki. Jua likishapata nguvu, hewa yenye unyevu inapanda na mteremko kutoka mashambani na msituni, inapoa huko juu na kugeuka wingu. Saa nne unakuta mlima umeshavaa kofia.

Imewahi kudanganya?

Mara nyingi. Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa langu, na ni kosa ambalo Mzungu hawezi kulifanya. Kwenye Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta yangu, kuna programu iitwayo cron, kazi yake ni kuamsha programu nyingine kwa ratiba. Yenyewe inahesabu saa kuanzia usiku wa manane. Mimi nilitaka picha ya saa kumi na mbili asubuhi, nikaandika 12.

Siku tisa mfululizo kamera ikapiga picha saa sita mchana, mlima umejifunika kama kawaida yake saa hizo, tovuti ikaandika "Umefunga" kila siku. Dada akaniandikia: "Mdogo wangu, mbona wa Machame wanasema ulikuwa wazi?" Nikabadilisha waya wa kamera. Nikasafisha lenzi kwa pamba na spiriti. Siku ya tisa ndipo nikaangalia kivuli cha antena kwenye bati la jirani: kilikuwa kifupi kama kisiki. Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akaamka.

Halafu buibui. Alifunga utando mbele ya lenzi, asubuhi umande ukakaa kwenye nyuzi zikang'aa, na utando wenyewe ulipita karibu sawasawa na mgongo wa mlima. Tovuti ikatangaza "Umefunguka" katikati ya masika, mvua inamwagika. Dawa ya hilo haikuwa programu. Kila Jumamosi napanda na ufagio wa chelewa.

Kwa nini saa za tovuti yako hazifanani na za simu yangu?

Ni saa zilezile, ila humu zimeandikwa tunavyozitamka. Hesabu yake ni ndogo: chukua saa ya kompyuta, ongeza 6, gawanya kwa 12, tazama kinachobaki, kikibaki sifuri andika 12. Saba ukiongeza sita ni 13, inabaki 1, basi saa moja asubuhi. Kumi na nane ukiongeza sita ni 24, inabaki 0, basi saa kumi na mbili jioni. Mstari mmoja wa JavaScript, lugha ya programu za kurasa za wavuti, umekwisha.

Shida haiko kwenye namba, iko kwenye majina. Asubuhi inaanzia wapi? Niliuliza watu wanne nikapata majibu matano. Nilichoamua: alfajiri inaanza saa 10, asubuhi saa 12, mchana saa 6, jioni saa 10, usiku saa 1. Mke wangu kwao ni Tanga, akiona "saa 9:30 mchana" anasema hiyo ni alasiri, na kwamba sisi watu wa bara tunaikata siku kwa panga. Bado hatujaelewana.

Halafu kuna usiku wenyewe. Kompyuta inabadilisha tarehe saa sita usiku, watu hatuko hivyo. Ukisema "usiku wa kuamkia Jumapili" unaanzia Jumamosi giza likishaingia. Kwenye ukurasa wa mvua hilo si pambo. Mvua iliyoanza saa nne usiku ikakatika saa tisa, kwa mama ni mvua moja. Kompyuta ilikuwa inaipasua vipande viwili, kila kipande na siku yake, na vyote vinaonekana vidogo. Nikaachana na usiku wa manane. Siku ya mvua humu inaanza saa 3 asubuhi na kuishia saa 3 asubuhi ya kesho yake, saa ambayo hata wapimaji wa hali ya hewa husoma vipimo vyao.

Afadhali sisi hatusogezi saa mbele na nyuma kama Ulaya. Mwaka mzima tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia. Kitu kimoja tu kimenichoma: kwenye orodha ya kanda za saa inayotumiwa na kompyuta karibu zote duniani, Dar es Salaam siku hizi ni kiungo tu kinachokupeleka Nairobi. Wakenya wasisikie.

Yale maandishi ya "siku 3 zilizopita" umeyatoa wapi?

Nimeyaandika mwenyewe, baada ya kuchoshwa na programu zinazosema "miezi 2 uliopita". Aliyezitengeneza alidhani unaweza kuwa na kisanduku cha namba, kisanduku cha kipimo, na neno moja la mwisho lisilobadilika. Kwetu neno la mwisho linafuata ngeli. Dakika 1 iliyopita, dakika 5 zilizopita. Mwezi 1 uliopita, miezi 2 iliyopita. Mwaka 1 uliopita, miaka 3 iliyopita. Kwa hiyo siunganishi vipande. Nina jedwali dogo lenye kauli nzima ya umoja na kauli nzima ya wingi kwa kila kipimo, programu inachagua na kujaza namba.

Ndoo ya mvua inafanyaje kazi?

Milimita moja ya mvua maana yake ni lita moja ya maji kwenye kila mita moja ya mraba. Ukishalijua hilo, mengine ni hesabu ya darasa la saba. Mdomo wa faneli yangu una upana wa sentimita 16, eneo lake ni sentimita za mraba 201, kwa hiyo kila milimita ya mvua inaingiza mililita 20 na kidogo. Chini ya faneli kuna kijiko chenye vyumba viwili kinachobembea. Chumba kimoja kikijaa mililita 4 kinalemewa, kinaanguka na kumwaga, kingine kinapanda kupokea. Kila kinapoanguka, sumaku inapita mbele ya swichi, na kompyuta inaongeza milimita 0.2.

Kuhakiki nilitumia bomba la sindano kutoka famasia. Mililita 200 zinatakiwa kuangusha kijiko mara 50. Nilipata 46. Nikarudia, 45. Kumbe nilikuwa namimina haraka, na kijiko kikiwa njiani kuanguka maji yanaendelea kuingia kwenye chumba ambacho tayari kimejaa, hayo hayahesabiwi. Nilipomimina tone kwa tone nikapata 50. Maana yake ni kwamba mvua kubwa ya masika ndoo yangu inaipunja, na kadiri inavyozidi ukali ndivyo inavyopunjwa zaidi. Ndiyo sababu siku za mvua kubwa utaona alama ya nyota karibu na namba.

Mama, kule Kibosho mlimani, hana kijiko wala sumaku. Ana kopo lenye pande zilizonyooka na rula ya mjukuu, na kusema kweli chombo chake ni bora kuliko changu. Kopo la namna hiyo halitaki hesabu yoyote: kina cha maji kwa milimita ndiyo mvua yenyewe. Asubuhi anaitazama, ananitumia SMS kwa kitochi. Hapa nyumbani kuna modemu ya USB yenye laini, inapokea, programu inachomoa namba.

Kuchomoa namba ndiko kulikonitoa jasho. Mwanzo nilichukua namba ya kwanza kwenye ujumbe. Mama akaandika: "Tarehe 4 mvua 31 migomba miwili imelala." Tovuti ikaweka 4. Nikaiambia itafute namba baada ya neno "mvua". Akaandika: "Mvua haikunyesha mwanangu, umekula?" Hakuna namba, programu ikanyamaza, siku ikabaki tupu kana kwamba mama hakupima. Sasa ikikuta "haikunyesha" au "hakuna" inaweka sifuri. Na siku moja akaandika "mvua nusu kopo". Hapo nilipiga simu.

Aprili kopo lake hunishinda karibu kila mwaka. Upande huu wa kusini wa mlima, ukitoka mjini kupanda kuelekea msituni, mvua inaongezeka. Mama anachukulia kama ushindi wake binafsi.

Naweza kupata ile programu ya michango ya harusi?

Unaweza, ila sikiliza kwanza.

Ilikuwa harusi ya binamu yangu. Katibu ana daftari la ahadi, mhazini anapokea pesa kwenye simu, ujumbe wa miamala unazama katikati ya matangazo ya bando, na kila kikao nusu saa ya kwanza ni ugomvi wa nani ametoa na nani hajatoa. Nikatengeneza jedwali kwenye SQLite, hifadhidata ndogo ya kompyuta: jina, ahadi, alicholipa, salio. Kila Jumatatu jioni linatoa orodha fupi ya kubandika kwenye kundi. Aibu ikafanya kazi yake, salio zikaanza kushuka.

Halafu mjomba akasimama kwenye kikao akasema yeye atatoa ng'ombe. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikaandika kwenye programu, ikaanguka, kwa sababu sehemu ya kiasi inataka tarakimu na nimeipa mnyama. Nikaongeza sehemu nyingine ya maandishi, nikaandika "ng'ombe mmoja", ikaanguka mara ya pili. Safari hii tatizo lilikuwa ile alama ndogo ya ng'. Kwenye SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata, alama hiyohiyo ndiyo inayofungua na kufunga maandishi. Hifadhidata ikasoma "ng", ikadhani maneno yameishia hapo, ikakutana na "ombe mmoja" ikashangaa.

Tiba yake iwekeni moyoni, hata kama hamna harusi. Usiunganishe alichoandika mtu na amri ya SQL kuwa mstari mmoja. Weka alama ya kuuliza mahali pa thamani, halafu thamani yenyewe ipeleke pembeni, hifadhidata itaipokea kama mzigo uliofungwa na haitajaribu kuisoma kama amri. Pengo hilohilo lililoingiza ng'ombe wa mjomba ndilo wezi wanaloingilia kwenye tovuti za watu. Badala ya "ombe mmoja" wao wanaandika amri ya kufuta jedwali.

Kuna na mtego wa tatu. Simu nyingi hugeuza alama hiyo iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kwa macho ni ileile, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, hivyo ukitafuta ng'ombe unaambiwa hayupo naye amefungwa bandani. Sasa kabla ya kuhifadhi chochote nageuza zote kuwa moja.

Ukiitaka njoo na flashi. Siiweki mtandaoni ikiwa na data, yale ni majina ya watu na pesa zao. Na mhazini wenu akiwa na mkono mrefu, programu haitamkata.

Seva yako iko wapi?

Ziko mbili. Moja ni ile Raspberry Pi, iko chini ya meza ya televisheni. Nyingine nimeikodi Ujerumani, dola 5 kwa mwezi.

Mwanzo nilitaka kila kitu kikae nyumbani. Haikuwezekana, na sababu ni anwani. Anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha kompyuta mtandaoni, za mtindo wa zamani ni 4,294,967,296 tu kwa dunia nzima, nazo hazitoshi tena, kwa hiyo kwenye laini za simu wateja wengi wanawekwa nyuma ya anwani moja. Ni kama kukaa hosteli yenye S.L.P. moja. Barua unaweza kutuma uendako, lakini mgeni akija na hiyo S.L.P. hawezi kujua mlango wako ni upi. Basi kompyuta ya nyumbani inatengeneza kurasa zote za HTML, lugha ya kurasa za wavuti, zikiwa zimekamilika, na kila baada ya saa moja inazisukuma Ujerumani. Kule hakuna programu yoyote inayofikiri, kuna mafaili tu yanayosubiri kusomwa.

Mpango huu una uzuri wake. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Tanzania ililemaa. Tovuti ya Ujerumani haikufunguka kabisa hapa kwetu. Lakini kwa Wi-Fi ya nyumbani ukurasa wa mlima ulikuwa unafunguka kama kawaida, kamera inapiga, ndoo inahesabu. Jumatatu asubuhi dada akatuma SMS ya kawaida: "Mlima umefunguka?" Nikatoka uani na mswaki.

Na umeme ukikatika?

Kuna betri ya volti 12 yenye Ah (ampea-saa) 7, saizi ya kwenye UPS ndogo. Hiyo ni Wh (wati-saa) 84. Betri za risasi hazipendi kunyonywa hadi mwisho, kwa hiyo nahesabu nusu, Wh 42. Kompyuta inakula kama wati 3 na ruta wati 6. Gawanya, unapata saa nne na dakika 40. Nikiona umeme hautarudi mapema, nazima ruta na kompyuta inaendelea peke yake hadi kesho. Vipimo vinakaa ndani, vitatumwa baadaye.

Kabla ya betri nilipoteza kadi mbili za kumbukumbu. Umeme ukikatika wakati kadi inaandikwa, faili linabaki nusu, na siku ya siku kompyuta haiwaki. Sasa kadi yenye mfumo imefungwa, haiandikwi kabisa. Vipimo vinaandikwa kwenye flashi ya pembeni, mstari mmoja kwa kila kipimo, maandishi matupu. Mstari wa mwisho ukiharibika, iliyotangulia iko salama.

Mbona tovuti inaonekana ya zamani?

Kwa sababu ni nyepesi. Ukurasa wa kwanza bila picha ni kilobaiti 11. Namba hiyo sikuichagua kwa kupenda. Seva ikianza kuongea na simu yako haikuamini papo hapo. Mzigo wa kwanza huwa ni pakiti 10, kama kilobaiti 14, kisha inasubiri jibu kabla ya kuongeza. Ukurasa ukiingia wote kwenye mzigo wa kwanza, hakuna safari ya pili kwenda Ujerumani na kurudi. Kwenye laini dhaifu utaona tofauti hata bila saa.

Picha ya mlima inatoka kwenye kamera ikiwa na megabaiti 3. Dada akiifungua kila siku, mwezi mmoja ni megabaiti 90 za bando lake kwa ajili ya kutazama mlima wa kwao. Naipunguza hadi kilobaiti 40, mwezi mzima unakuwa megabaiti 1.2. Kibo haipungui uzuri.

Nakala ya ukurasa wa kwanza wa wavuti, ule wa Tim Berners-Lee, aliyeubuni wavuti, kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, bado inafunguka kwenye simu ya leo zaidi ya miaka 30 baadaye. Nina programu ya simu niliyoiweka mwaka juzi, imeshakataa kufunguka.

Kwa nini majina ndani ya programu zako ni ya Kiswahili?

Kwa sababu ndani ya kichwa changu ni ndoo, si kitu kingine. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, watu wakabishana kuhusu maneno yake hadi wakachoka. Mimi sijafika huko, naandika tu `mvua_ya_leo` na `nukta_zilizoonekana`. Neno moja ndilo lililonishinda. Vijana wa mjini wanaita msimbo "kodi". Mhasibu akisikia kodi anashtuka.

Utanitengenezea tovuti ya biashara yangu?

Hapana. Mjini kuna vijana wanaoifanya kazi hiyo vizuri na wana watoto wa kulisha. Wape wao hiyo pesa.

Nikitaka kuanza, sina kompyuta?

Simu inatosha kwa miezi ya mwanzo. Fungua programu yoyote ya kuandika maandishi matupu, andika aya mbili, zizungushie alama za HTML, hifadhi faili kwa mwisho wa .html, lifungue kwenye kivinjari. Hulipii kitu na huhitaji hata bando. Ukizoea, weka Termux kwenye Android, utapata Python na amri za Linux mfukoni. Kibodi ya simu itakuumiza vidole; kibodi ya USB na waya wake wa OTG vitakuokoa.

Usianze na kitu kikubwa. Kijana mmoja aliniambia anataka kutengeneza mtandao wa kijamii wa Afrika Mashariki. Nikamuuliza nyumbani kwao huwa wanabishania nini. Akasema zamu ya kununua umeme. Alitengeneza ukurasa wa zamu ya luku, majina matano na tarehe, na dada zake wanautumia mpaka leo. Mtandao wa kijamii bado anaufikiria.

Ni kweli jirani anajenga ghorofa litakaloziba kamera?

Ni kweli. Nguzo za ghorofa ya kwanza zimeshasimama, na kwa nondo nilizowauzia wenyewe dukani najua ramani inakwenda hadi la tatu. Kwa kipimo changu, slabu ya pili ikimwagwa nukta 70 za upande wa kushoto zinapotea, ya tatu ikimwagwa hakuna mlima.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona na laptopu. Nikamwamkia, nikamwonyesha picha za mwaka mzima, mlima unafunga na kufunguka, nikamwomba ruhusa ya kuhamishia kamera juu ya paa lake litakapokwisha. Mzee alitazama kimya, akaomba nirudie zile za Julai. Mwishowe akasema hana shida, nifunge kamera ninapotaka na waya nipitishe kwake, lakini kuna jambo moja. "Hiyo mashine yako, mwanangu, inaweza kuniambia maji ya bomba yamerudi saa ngapi usiku?"

Nimeshanunua kijiko kingine na sumaku.